Glasi ya Tatu Haikuwa Yenyewe

Hotelini walimwita Pua, wala hakuudhika. Mwanamke yule, mama wa watoto wawili, angenusa glasi tatu za wiski ya Uskochi akakwambia ipi ililala kwenye pipa lililowahi kuwekwa mvinyo na ipi shayiri yake ilikaushwa kwa moshi. Lakini hakunywa. Alionja, akatema kwenye kikombe cha bati, akaandika. Baba yake alikuwa amemalizwa na pombe, na mama yake alikubali kazi ile kwa sharti moja tu: ateme.

Aliyemfundisha ni mjomba wake, mtunza stoo ya vinywaji. Miaka kumi na moja nyuma alimtoa kwenye kufua mashuka, akampangia glasi mezani. "Usiwe na pupa," alimwambia. "Hizi ni za kimea kitupu: shayiri peke yake, kiwanda kimoja. Kila moja ina tabia zake. Nusa kwanza, maneno baadaye."

Mwaka jana meneja aliandaa kikao cha kuonja: wageni kumi na wawili, glasi nne kila mmoja, saa kumi alasiri. Asubuhi Pua alishuka stoo kujaribu chupa. Ya kwanza sawa, asali na tufaha. Ya pili nayo haikuwa na neno. Ya tatu, ile ya miaka kumi na minane, aliinusa akairudisha mezani. Akainusa tena. Utamu wa zabibu kavu haukuwepo. Palibaki ukali mtupu wa kuchoma pua. Akadondoshea maji kidogo, maana maji huiamsha wiski. Hii haikuamka. Akachukua chupa nyingine ya aina ile ile. Kizibo kilitoka kilaini, hakikubisha hata kidogo, kama cha chupa iliyokwisha kufunguliwa.

Ufunguo wa kabati la chupa zile alikuwa nao mtu mmoja.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso?"

"Hii siyo yenyewe."

Mzee hakuuliza ipi. Aliketi juu ya kreti, na Pua akaona yale aliyokuwa akijifanya haoni: macho mekundu, peremende za mnanaa mdomoni kutwa kucha.

"Nilianza na kijiko, mke wangu alipofariki," alisema. "Kijiko kikawa glasi. Pengo nikawa naziba kwa wiski ya bei rahisi. Nani atajua? Wageni wananusa kibandiko."

"Mimi nimejua."

"Wewe ni damu yangu. Nisitiri leo tu. Nitaacha."

Pua alipanda ngazi kurudi ukumbini, chupa ile akaiacha kwenye orodha. Neno hilo, nitaacha, alilisikia utoto wake wote.

Saa kumi ilipofika, aliwaongoza wageni kwenye glasi ya kwanza, kisha ya pili. Bwana mmoja mwenye kitambi alisema, "Mimi naona tofauti moja tu: hii inachoma hapa, ile inachoma pale," watu wakacheka. Ikaja ya tatu. Mjomba alisimama mlangoni na sinia. Mwalimu mstaafu, bibi mwenye miwani, alionja, akaonja tena, akamgeukia Pua kwa aibu.

"Hii mbona sisikii kitu? Au ulimi wangu umezeeka?"

Meneja alitabasamu, akisubiri. Pua alimtazama yule bibi aliyekuwa tayari kujilaumu.

"Ulimi wako mzima, mama," alisema. "Chupa ndiyo imechezewa."

Mjomba aliweka sinia chini, akavua aproni, akamkabidhi meneja funguo kabla hajaulizwa. Jioni ile ile alifukuzwa.

"Fadhila za punda ni mateke!" mama yake Pua alifoka. "Ndugu yangu aliyekutoa kwenye kufua mashuka!"

"Mama, baba tulimsitiri miaka mingapi?"

Hawakusemezana mwezi mzima.

Mjomba alilazwa wiki tatu kutibiwa ulevi, akatoka, akarudia pombe, akalazwa tena. Pua humtembelea nyumbani kwake kila Jumapili. Siku nyingine anafunguliwa mlango, nyingine anasikia tu redio ikipunguzwa sauti. Jumapili iliyopita alifunguliwa. Mzee alikuwa amenyoa ndevu.

"Zile za kumi na minane," aliuliza, "wameleta mpya?"

"Wameleta."

"Zikoje?"

Pua akaanza kumweleza, kisha akaona koo la mzee likimeza mate. Wakazungumza habari za watoto.