Noti ya Kwanza ya Nsimire

Kila Jumamosi, kabla ya mazoezi ya kwaya, Nsimire aliketi mlangoni pa nyumba yake huko Muhumba, akafunga pamba kwenye ncha ya pini ya nywele na kusafisha masikio. Mshonaji huyu wa miaka hamsini na mitatu aliona ni sehemu ya kazi. Kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyetoa sauti ya mwanzo katika kwaya ya parokia. Kinanda hutumika kwa nadra, umeme ukiwepo; siku nyingine waimbaji arobaini humsubiri mtu mmoja aimbe noti ya kwanza, ndipo waifuate. Mtu huyo husimama mbele, na mtaa mzima unamjua.

Kisha Laurette, mwalimu kijana wa shule kutoka Walungu, akajiunga na kwaya. Wiki yake ya pili tu, Nsimire alipoanzisha wimbo, binti alimwambia kwa upole kwamba ameanza chini. Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Tangu hapo Nsimire hakumwondolea macho: viatu vyake vyeupe, kicheko chake, na jinsi Papa Télesphore, kiongozi wa kwaya, alivyomwinamia wakiongea. Tena walinong'ona. Zamani hakuna aliyenong'ona mbele yake. Akaanza kusafisha masikio mara mbili kwa siku ili ayanase maneno yao, na kadiri alivyosafisha, ndivyo walivyozidi kunong'ona. Sare za kwaya alizishona yeye. Ya Laurette aliibana makwapani kwa makusudi.

Papa Télesphore alipotangaza kwamba nyimbo za misa ya Pentekoste zitaanzishwa na Laurette, Nsimire alishika pini kwa hasira. Siku hiyo sikio la kulia likaziba kabisa.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Bibiane alimulika masikio yote mawili na kuona nta imejaa.

"Maman, sikio inajisafishaka yenyewe," alisema. "Ile nta inatokaka pole pole. Weye na pini yako unairudisha ndani, unaishindilia sawa unga mu mufuko."

Alimuuliza kama sikio limewahi kutoboka au kutoa usaha. Halijawahi. Basi akampa mafuta ya kudondosha kwa siku tano, akamkataza kuingiza kitu chochote; nje apanguse kwa kitambaa kibichi, basi. Siku ya sita alimwosha masikio kwa maji ya uvuguvugu, na vipande viwili vyeusi vikaanguka kwenye beseni. Nsimire akasikia hata kandambili za muuguzi.

Jumamosi iliyotangulia Pentekoste alifika mazoezini wa kwanza. Akaeleza habari ya nta mbele ya wote, akadai nafasi yake. Papa Télesphore akamwomba aimbe noti. Akaimba, na ilikuwa sawasawa. Kisha akaimba Laurette.

Kwa mara ya kwanza Nsimire aliisikia sauti ile yote. Ilisimama pale ilipowekwa, haikutikisika. Angeweza, angeirudisha nta masikioni kwa mikono yake mwenyewe.

"Maman, umesikia," alisema Papa Télesphore. "Sema weye mwenyewe."

Watu arobaini walimtazama.

"Aanze yeye," alisema Nsimire, akaenda mstari wa pili. "Lakini mumufunze kusimama. Iko anasimama sawa mutu anangojea taksi."

Wote wakacheka, Laurette pia. Nsimire hakucheka. Alikuwa anaisubiri noti.