Kilimi Ambacho Mama Rehema Hakukikata

Kindu nzima ilimjua Mama Rehema kwa wembe wake. Mtoto akikohoa wiki mbili, watu walisema kilimi kimerefuka, kile kinyama kinachoning'inia mwisho wa kinywa, na dawa yake ni kukikata. Rehema aliirithi kazi hiyo kwa baba yake. Alikuwa na mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi: mzazi aliyelia kuliko mtoto alitolewa nje kwa maneno.

Mwaka 2001, vita vikiwa vimefunga reli na maduka ya dawa yamebaki na rafu tupu, mwanangu Badibanga alishikwa na mafua, kisha homa, kisha kikohozi. Alikuwa na miaka miwili. Mama mkwe wangu, Mama Ngeleka, Mkasai asiyeshindwa neno, alimfunga mgongoni akaenda naye kwa Rehema. Nilifuata nyuma, nikimwogopa mama mkwe kuliko nilivyouogopa wembe. Hilo bado linaniuma.

Wembe ulikuwa umekwisha kuchemshwa. Rehema alikandamiza ulimi wa mtoto kwa kijiko, akatazama. Kilimi kilikuwa chekundu, kimevimba kweli. Mama Ngeleka akanikata jicho, maana alikuwa ameniambia ni kilimi. Lakini Rehema hakukata. Alimvua mtoto shati, akamtazama kifua. Kila Badibanga alipovuta pumzi, nyama chini ya mbavu ilibonyea ndani na pua zikatanuka.

— Hapana, akasema. Hii haiko kilimi. Ugonjwa ilisha kushuka mu kifua.

— Kata tu, mama, Mama Ngeleka akasema. Tumetoka mbali.

— Mwaka jana nilikata mutoto wa dada yangu, alikuwa anapumua hivi hivi. Kilimi ilitoka, kikohozi ikabakia. Tulimuzika. Muende kwa Florentin, mbio!

Nilimnyakua mwanangu nikakimbia bila kuaga mtu. Florentin, muuguzi wa kituo cha afya, alikuwa na chupa chache za dawa zilizoletwa kwa ndege. Alihesabu pumzi kwa saa yake, akachoma sindano ya kwanza, ndipo akanieleza:

— Vidudu vya hii ugonjwa vinaikala mu pua ya watoto wengi, bila shida. Mafua njo inachubua njia, vinapata nafasi ya kushuka mu mapafu. Kule njo vinazaana, mapafu inajaa usaha. Kilimi haina kosa.

Siku tatu sikutazama kitu kingine ila zile mbavu. Asubuhi ya nne zilitulia, Badibanga akalilia bugali. Nilimlisha huku nalia, kwa furaha tupu. Mama Ngeleka alimpelekea Rehema kuku, na kwake huko ni kupiga magoti.

Tangu hapo Rehema hakukata tena. Wazazi walikuja, aliwavua watoto mashati, akatazama pumzi, akawafukuza kwa Florentin. Wengine walimsema amepoteza mkono. Aliwajibu kwamba mkono upo, macho ndiyo yameongezeka.

Leo Badibanga ana miaka ishirini na sita, ni fundi wa reli, na binti yake amechanjwa dhidi ya vidudu hivyohivyo. Rehema amezeeka, anatembelea fimbo. Akikutana na mwanangu sokoni hamsalimii kwanza.

— Fungua kinywa!

Na yule mwanamume mwenye ndevu anainama mbele ya wauza samaki wote, anafungua. Rehema anachungulia, bila haraka.

— Kilimi iko, anasema. Na mwenyewe iko.