N ya Bibi Matika

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Ilikuwa enzi za Mjerumani, reli bado haijafika Dodoma, nami ni kijana mpanga herufi kwenye mtambo mdogo wa chapa wa misheni, huku kwetu Ugogo. Herufi zetu, za madini ya risasi, zilitoka pwani vichwani mwa wapagazi. Zile za vitabu vya shule zilikuwa nene, hazina maringo. Zile nyingine tuliziweka kwa vyeti vya ubatizo tu: mistari mingine minene imesimama wima, mingine myembamba kama unywele, na ncha zake zimekatwa kwa adabu. Zilipendeza, sikufichi. Lakini zilitaka mkono mwepesi. Ukizikandamiza, ule mstari mwembamba unakatika.

Akaja Bibi Matika, mjane jirani yetu, macho yake yameharibiwa na trakoma. Jumapili angebatizwa, aitwe Naomi.

“Mjukuu wangu,” akaniambia, “nichapie cheti changu kwa nguvu, jina liingie ndani ya karatasi. Nikilipapasa nilijue.”

Mzee Ndahani, msimamizi wangu, alisikia. “Mpangie zile nene. Zinavumilia.”

Bibi akageuza uso kuifuata sauti. “Wenzangu wote mmewapa zile nzuri. Mimi nipewe za watoto wa shule kwa kuwa sioni?”

Mzee akatoka nje kuangalia karatasi zilizoanikwa. Nikalipanga jina kwa herufi nzuri, nikauvuta mkono wa mtambo kwa uzito wangu wote. Jina likaingia. Nilipoinua karatasi nikaona N kubwa imevunjika, mguu wake mmoja mwembamba umelala kwenye wino. Bibi akapitisha kidole taratibu, akarudia, akacheka peke yake.

“Kumbe ndiye huyu,” akasema.

Nilifurahi mno.

Mzee Ndahani aliporudi akaiona ile N, akanitilia kiganjani. “Hatuna nyingine. Nehemia akija kubatizwa, Nathanieli akija, utawapa jina lenye mguu mmoja. Utawaambia wewe, si mimi.”

Alisema kweli. Nikawaambia, kila mmoja kwa wakati wake. Nathanieli alipokea, akaenda zake. Nehemia alinitukana mbele ya mkewe, nami nikatulia mpaka akamaliza. Hata leo sijutii, wala sisemi kwamba Nehemia alikosea.

Basi mwanangu, ipo siku utampa mtu mmoja kitu kilichokuwa cha wote. Sikukatazi. Ila kabla hujampa, mjue atakayekosa, kisha uende kwake kwa miguu yako mwenyewe, umweleze, naye akikasirika umwache akasirike. Ukiona hilo huliwezi, usitoe.

Mungu akujalie moyo wa kutoa na uso wa kujibu. Mvua ikukute umeshalima, na zizi lako lisikose ndama.