Kijembe Nilichokimeza

Siku ile ya harusi mtaani kwetu Malindi naikumbuka, mwanangu Zuhura, hata moshi wa zile kuni bado naunusa. Hiyo simu hebu iweke chini. Nimeiona status yako ya kumpiga kijembe mke mwenzio, na wa kukwambia ni mimi, maana mke mwenzangu ni mama yako.

Mimi ndiye mke mkubwa, na mtoto sikujaaliwa. Yeye kaja, mwaka haujaisha, keshashika mimba. Wivu huo, we acha tu! Akicheka chumba cha pili, mimi nnauma shuka. Basi siku hiyo tumekaa jikoni na wanawake wenzetu tunamenya vitunguu, akalipapasa tumbo lake, akasema kwa sauti, "Nyumba nyengine hata paka hazai." Wakacheka. Jina langu hakulitaja, lakini wote walinitazama mimi.

Na mimi jibu nnalo. Mume wetu alikuwa karudi juzijuzi tu, baada ya kukaa sana Pemba kwa kazi. Nilitaka nimuulize mama yako mbele ya watu, mimba hiyo mume wetu kaiacha lini? Nilijua vizuri kuwa ni ya mume wetu. Nilitaka tu naye aumie.

Shangazi yangu, Bi Mize, aliniona nafungua mdomo, akanivuta hadi ukumbini. Yeye kazi yake kuumika watu, kuwatoa damu mbovu.

"Unakijua kijembe wewe?" akaniuliza. "Ni kile kisu changu kidogo cha kuchanjia, na kijembe cha maneno jina lake limetoka huko. Mimi nikishachanja naweka pembe, navuta ubaya, naosha. Wewe ukimchanja yule, utaweka nini?"

"Kaanza yeye, shangazi!"

"Haya, kaanza. Na huyo aliye tumboni kaanza nini?"

Nikakimeza. Wallahi kilinikaba siku nyingi. Na usidhani wivu umekwisha. Mpaka leo mama yako akivaa kipya roho inanichoma, na yeye anajua.

Wivu sikukatazi, mwanangu. Ukikuzidi njoo kwangu, lia, gombana na ukuta, nitakupikia chai. Lakini kijembe usikitupe hadharani, maana hujui kitamkata nani. Changu kingekukata wewe, hata hujazaliwa. Watu wangekuwa wanaitazama pua yako mpaka leo, wakiulizana ni ya nani.

Mungu akuhifadhie ulimi wako, na wa mwenzio pia.