Chuma cha Paja la Kivuva

Pale Malili bado wapo wanaosema kwamba Kivuva wa Musembi alivunjika mguu mara ya pili kwa sababu ya dhambi. Hao ni watu ambao hawajawahi kuzuia ulimi wao, wala mbuzi wao, kuingia shamba la mtu. Basi na isimuliwe ilivyokuwa.

Kivuva alitoka katika nyumba ya wahunzi, nyumba ambayo hakuna aliyeiona ikiomba chumvi kwa jirani. Baba yake alifua majembe. Yeye akajifunza kuchomelea, akawa fundi wa plau na mikokoteni. Kila mwaka kabla ya mvua alizunguka masoko mpaka Mutomo. Huko, mwaka wa 1974, mkokoteni aliokuwa ameuinua juu ya mawe ulimwangukia, na mfupa wa paja ukakatika kama muwa.

Bahati nzuri hospitali ya misheni ilikuwa karibu, na palikuwa na daktari mpasuaji, kijana wa Nyeri aitwaye Wahome. Alimfungua paja, akaunganisha mfupa, akalaza bamba jembamba la chuma ubavuni mwake na kulikaza kwa skrubu.

"Sasa sikiliza, mzee," Wahome alimwambia. "Chuma hakikuponyi, kinakushikia tu. Mfupa ndio utakaojiponya. Pale ulipovunjika utaota ute mzito, ute ugeuke mfupa mpya, mfupa ushike na skrubu zenyewe. Mpaka nione kwenye picha kwamba umeshikana, mguu huu usibebe uzito. Chuma hiki ni kama mbao za kushikilia simiti. Ukizipanda kabla haijakauka, utaanguka nazo."

Kivuva alicheka. "Daktari, mbao ni mbao. Chuma nakijua mimi. Nikichomelea ekseli asubuhi, jioni inabeba mchanga."

"Wewe si ekseli."

"Na wewe si fundi."

Hilo lilikuwa kosa la mhunzi: kwake, kitu kikishaungwa na kupoa, kazi imekwisha. Hata hivyo angetii, maana alimwogopa mkewe. Aliporudi nyumbani Malili, Nthenya alimwekea magongo kando ya kitanda, na kila alipojaribu kuiba hatua moja alisikia, "Baba Muthama!" kwa sauti ya kusimamisha ng'ombe.

Tatizo lilikuwa Jonah, binamu wa Kivuva, mzee wa kanisa mwenye sauti kubwa kuliko shamba lake. Wageni kutoka makanisa ya mji wa Salama walikuwa wanakuja, na Jonah hakuwa na ushuhuda wa kuwaonyesha. Jumamosi alifika nyumbani kwa Kivuva na kikundi cha waimbaji.

"Ndugu," alianza, "wageni wakikuona umeegemea vijiti, si watasema Mungu wa Malili ni kiwete?"

"Jonah, picha bado," Nthenya alisema.

"Mwaitu, mama yangu, imani haipigwi picha."

Waimbaji wakacheka. Kalunde, aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza na kila umbeya, akaongeza, "Ama chuma cha yule daktari wa Nyeri ni bati?"

Mungu kuitwa kiwete Kivuva angevumilia. Chuma kuitwa bati hakuvumilia.

Jumapili aliyatupa magongo mlangoni, akatembea mpaka mbele. Vigelegele vilipanda, wageni wakalia machozi, na Jonah akayatundika magongo ukutani juu ya mimbari kama pembe za mnyama aliyemwinda mwenyewe.

Wiki zilizofuata, paja lilianza kuuma kila jioni. Kivuva aliona haya kwenda kuomba vitu alivyovitupa mbele ya watu, basi akaendelea kutembea huku akiuma meno. Nthenya ndiye aliyekwenda.

"Hiyo ni mali ya Bwana sasa," Jonah alimjibu.

"Ni mali ya hospitali."

"Mama, usimwibie Mungu utukufu."

Asubuhi moja, akigeuza plau karakanani, Kivuva alisikia mlio ndani ya mwili wake mwenyewe, akaanguka. Kati ya wale waliopiga vigelegele hakuna aliyekuja kusaidia kumbeba. Walikuwa na kazi: kufikia jioni walikuwa wamekubaliana kwamba alificha dhambi.

Huko hospitalini Mutomo, Wahome hakumkemea. Alipomaliza kumpasua tena alimtilia kiganjani kile chuma, vipande viwili. Kivuva alikitazama pale kilipokatika. Upande mmoja ulikuwa umesuguliwa laini, mwingine ulikwaruza, kama fremu ya plau iliyotikiswa msimu mzima.

"Hiki hakikuvunjika juzi," alisema polepole. "Kimekuwa kikivunjika."

"Tangu ulipotupa magongo. Kila hatua ilikipinda kidogo. Mfupa ukiachiwa nafasi hujijenga. Chuma kikichoka, kimechoka."

"Kwa hiyo yalikuwa mashindano: mfupa ushike au chuma kikatike kwanza."

"Naam. Na mfupa ulikuwa unakaribia kushinda."

Kivuva alifumba macho. Safari hii alikuwa amechotwa mfupa nyongani na kupachikwa vipande vyake palipovunjika, kisha akawekewa bamba jipya. Wahome hakumficha: usiposhika, hatakuwa na mguu wa kusimamia kazi.

Alikuwa bado kitandani, nyumbani, Jonah alipokuja tena na waimbaji wake. Walitaka aungame mbele ya kanisa, ili watu waelewe.

"Niungame nini?"

"Dhambi iliyovunja mguu."

"Hiyo mmeitundika ukutani," alisema Kivuva. "Iteremsheni, nina haja nayo."

Magongo yaliletwa siku iyo hiyo, na Kivuva aliyatumia bila kuiba hata hatua, mwaka ukapita, watu wakimwita mtoto wa Nthenya.

Kisha picha ilionyesha mfupa mpya, mnene, umetambaa hadi ukingo wa bamba na kuzikumbatia skrubu. "Chuma tukiache humo," Wahome alisema. "Mwili umeshakizoea." Mguu ulifupika kidogo, akachechemea.

Njiani kurudi Nthenya aliuliza kama wawaambie watu wa kanisa kwamba mguu umepona.

"Waliniuliza?"

Jumapili alikaa benchi la nyuma. Jonah alipowaita wenye ushuhuda wasimame, macho yote yaligeuka kwake. Kivuva alikunja mikono, akabaki ameketi. Walisema ana kiburi. Alikuwa nacho, na kilimfaa kuliko nyimbo zao.