Mihogo ya Siku Moja

Juzi nilirudi mji wetu wa Likasi kwa msiba wa shangazi. Nilipokuwa nikikata uchochoro mmoja wa mtaa wa Kikula, nikakutana na harufu chachu ya mihogo iliyolowekwa, nikasimama. Wewe uliyekulia kwetu unaijua: inaingia kwenye nguo, haitoki.

Bibi yangu, tuliyemwita Kambo, alikuwa na pipa nyuma ya jiko. Mihogo michungu ilikaa humo siku nne, ikalainika hadi ikavunjika kwa vidole, ndipo tukaianika juu ya bati na kuitwanga tupate unga wa bukari, ugali wetu. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji. "Muhogo haijue haraka," Kambo alizoea kusema, wala hakueleza zaidi.

Mwaka ule unga wa mahindi uliadimika. Jumapili moja, Kambo akiwa misani, jirani yetu alikuja na sahani tupu. Mumewe alivunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe na wiki nzima hakuwa amerudi. Huyu mama hakuzoea mihogo. Kwao walikula mahindi.

"Mutoto, unipatie ata kidogo," aliniambia polepole. "Batoto bangu habayakula tangu jana."

Mihogo ilikuwa na siku moja tu majini. Nilijua haijawa tayari kuliwa. Lakini nilikuwa na miaka tisa, nikaona haya kumnyima mtu mzima. Nikamjazia sahani.

Jioni tulisikia kilio kwa jirani. Watoto wawili walitapika, wakapona. Yule mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, hakupona.

Kambo alikwenda kwenye pipa, akatazama ndani, kisha akanitazama mimi. "Weye nyamaza," alisema. Akanishika mkono, tukavuka ua, akapiga magoti mbele ya jirani.

"Miye njo nilimutuma akupatie. Kosa ni yangu."

Tangu siku ile jirani alimpita Kambo bila salamu. Mimi aliniita mutoto wake, akanipapasa kichwa, nami nikanyamaza kama nilivyoambiwa.

Miaka baadaye, mwalimu wa biolojia alituchorea seli ubaoni. Katikati akachora kifuko kikubwa: vakuoli. Humo mmea hutunza maji, ndiyo maana jani husimama. Humo pia huficha sumu yake. Kwenye muhogo, alisema, sumu hutulia mle ndani mpaka seli ipasuke. Hapo inaamka. Kuloweka siku nyingi kunazipasua seli na kuipa sumu nafasi ya kutoka. Wenzangu walinakili. Mimi niliomba ruhusa, nikatoka nje.

Kambo alishazikwa. Ua wetu una ukuta sasa, na wanaoishi pale hawanijui. Msibani niliulizia habari za jirani. Nikaambiwa alifariki mwaka jana, na mpaka mwisho alikuwa hajamsamehe bibi yangu.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Miaka yote niliyapanga maneno yale, nikayapangua. Hakuna aliyebaki wa kuyapokea, ndiyo maana nakuambia wewe: ni mimi niliyejaza ile sahani.