Mtungi Usiokuwa na Moshi

Sikuwa na homa, sikuwa na njaa, na ilikuwa saa nane mchana, jua la Isiolo likiwaka hata kuku wamejificha. Kwa hivyo usianze kunitafutia sababu. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Ukikataa kuamini, shauri yako, lakini sikiliza mpaka mwisho.

Mimi nauza maziwa ya ngamia. Tunakaa wanawake kama kumi kwenye kivuli cha ukuta, karibu na mahali magari ya kutoka Kulamawe na Garbatulla yanaposhushia mizigo. Kila mwanamke hufukiza mitungi yake kwa moshi wa kuni kabla ya kutia maziwa, ili yasiharibike njiani, na kila mmoja ana kuni zake. Ukifungua kifuniko ukanusa, unajua maziwa ni ya nani. Ya rafiki yangu Talaso hata mtoto angeyajua. Alitumia mti mmoja wa kwao Kulamawe, wenye moshi mtamu unaokaa kooni, na hakuna mwingine mjini aliyekuwa nao. Tulikaa ubavu kwa ubavu miaka kumi na moja.

Tuna desturi moja. Mtungi usio na mwenyewe hauachwi juani. Yeyote atakayeuona huuvuta kivulini, mwenyewe atakuja kuuchukua. Ni desturi nzuri, na ndiyo iliyomuua Talaso.

Siku ile bomu lilikuwa ndani ya mtungi wa maziwa. Lililipuka watu wakiwa wamejaa, wanunuzi, abiria, wauza chai. Mimi nilikuwa nimeenda kusali adhuhuri. Nilirudi nikikimbia, na Talaso nilimtambua kwa shanga za mkononi. Nililia mpaka sauti ikakauka. Jioni afisa wa polisi akaniuliza ni nani aliyeweka mtungi pale. Nikasema Salat.

Salat ni mbeba mizigo wetu, mtu mzima, baba wa watoto wanne. Yeye ndiye hushusha mitungi yote, kwa hivyo jina lake lilinitoka haraka, na watu wakaliamini haraka zaidi. Walimchukua jioni ileile. Mke wake akawa anakuja kwetu kila asubuhi kuuliza kama kuna aliyesikia habari. Tulijifanya tunahesabu mitungi. Tulikuwa tumeanza kuogopana sisi kwa sisi. Mgeni akiweka mfuko chini, tunainuka wote. Hata wateja wangu wa zamani niliwatazama mikono kabla ya kuwatazama uso.

Mwezi ukapita. Nikaambiwa kesho yake niende kutia sahihi maneno yangu, ili Salat apelekwe kortini.

Basi mchana huo akaja mwanamke akakaa mahali pa Talaso. Hakuna aliyekuwa amethubutu kukaa pale. Alikuwa amejifunika uso, unaona macho tu, na mbele yake mtungi wa njano. Unadhani niliwaza jini? Niliwaza bomu! Nilitaka kupiga kelele, lakini wewe ungepiga kelele karibu na kitu kama hicho? Nikamsalimu ili nisikie sauti yake.

"Salaam aleikum, mama. Umetoka wapi?"

"Aleikum salaam, dada. Wewe ulisema ni Salat alileta ile mtungi?"

Nani alimwambia? Nikasema moyoni, huyu ni wa wale waliotega bomu, ametumwa kunichunguza. Nikamjibu kwa ukali.

"Ndiyo, ni Salat. Wewe inakuhusu nini?"

Hakukasirika. "Ile mtungi haikuwa na moshi. Ulinusa ama hukunusa?"

Ngoja nikueleze kwa nini swali hilo lilinishika. Siku ya bomu niliukuta mtungi ule peke yake juani. Niliuinamia nikanusa kifuniko. Hakukuwa na moshi hata kidogo. Hakuna mwanamke wa kazi yetu anayetuma maziwa bila moshi, na mimi nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini adhana ilikuwa imeanza, nilikuwa na haraka. Nikauvuta mpaka kwa Talaso, nikamwambia, "Niangalilie hii, mwenyewe atakuja." Akasema sawa, dada. Salat hata hakuwepo. Hayo sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

"Sikunusa," nikasema. Niamini, nilidanganya mbele ya macho yale.

Akafungua mtungi wake. Moshi ulionipanda puani ulikuwa wa mti ule wa Kulamawe. Niliugusa mtungi, ulikuwa baridi, na jua lile!

"Dada," akasema, kwa sauti ambayo sasa niliijua, "nauliza mara ya mwisho. Nani aliniwekea?"

"Mimi. Nilinusa, na nikakuachia."

"Basi enda useme hivyo kwa wale wako na Salat."

Nikajifunika uso nikalia. Nilipoinua kichwa, Mama Dabo, jirani yangu wa upande wa pili, alikuwa amenishika bega akiuliza kwa nini nagombana na gunia tupu.

Hadi leo nashuku. Alikuwa Talaso kweli, au kitu kilichovaa sauti yake? Talaso hakuwahi kunisemesha bila kucheka, na yule hakucheka hata kidogo. Asubuhi nilikwenda nikasema yote. Walinizuilia siku mbili, wakanifokea, wakaniachilia. Salat alitoka baada ya wiki, na mkono wake wa kulia haukunjuki vizuri tena. Niliona aibu hata kumuuliza. Amerudi kushusha mitungi. Ya wenzangu huwaletea mpaka walipokaa. Yangu huiacha kwenye gari, naifuata mwenyewe. Salamu yangu anaijibu, kwa sababu salamu hujibiwa. Zaidi ya hapo hakuna.

Nawe unayesoma, msiba ukiuangukia mji wenu na watu wakaanza kutafuta wa kunyooshea kidole, usitaje jina la mtu ili tu swali likuondokee. Sema ulichofanya kwa mkono wako, mara ya kwanza unapoulizwa, ukiwa bado unaulizwa na mtu anayekula na kulala kama wewe. Maana wapo wengine wa kuuliza, na hao hawadanganyiki.